Msimulizi Anaponyamaza: Funzo la Usimulizi katika Riwaya ya The Murder of Roger Ackroyd

Utangulizi

Miongoni mwa makosa yanayojirudia katika majibu ya wanafunzi wa fasihi ni kumchanganya mwandishi na msimulizi. Mwanafunzi huulizwa ni nani anayesimulia kisa, naye hutaja jina lililoandikwa kwenye jalada. Akiulizwa iwapo yanayosimuliwa yanaweza kutiliwa shaka, hushangaa. Kitabu kimesema hivyo. Itakuwaje yasiwe kweli? Kwake yeye, msimulizi ni dirisha la kioo tu. Huchungulia ndani akawaona wahusika, lakini kioo chenyewe hakioni.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa msimulizi ni mhusika kama wahusika wengine. Ana tabia yake, ana maslahi yake, na pengine ana sababu ya kunyamaza. Hoja hii tutaijenga kwa kutumia riwaya moja ya upelelezi ya Uingereza, The Murder of Roger Ackroyd, yaani mauaji ya Roger Ackroyd, iliyoandikwa na Agatha Christie na kuchapishwa mwaka wa 1926. Huenda mwalimu mwenzangu akauliza: kwa nini tuchukue riwaya ya upelelezi, tena ya kigeni, ilhali tuna vitabu teule vya kutushughulisha? Jibu ni kwamba ni nadra kupata riwaya inayoonyesha uwezo wa msimulizi waziwazi kiasi hiki. Jambo ambalo katika riwaya nyingine huhitaji maelezo marefu ya nadharia, hapa linamgusa msomaji mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayedanganywa.

Ni vyema kutahadharisha mapema. Haiwezekani kuichambua riwaya hii bila kumtaja muuaji. Anayetaka kuisoma kwanza na aiweke makala haya kando, airudie baadaye.

Jumba la Mashambani na Kanuni Zake

Riwaya ya upelelezi ya Kiingereza ilianza kuota mizizi katika karne ya 19. Wilkie Collins alichapisha The Moonstone mwaka wa 1868, na ndani yake mna jumba la familia tajiri lililoko mashambani, kito kinachoibwa usiku, na wakazi wanaoshukiana. Baadaye Arthur Conan Doyle alimuumba Sherlock Holmes na rafiki yake Daktari Watson. Hata hivyo, ni baina ya Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia ambapo kisa cha mauaji katika jumba la mashambani kilishamiri hasa. Wahakiki wamezoea kukiita kipindi hicho enzi ya dhahabu ya riwaya ya upelelezi.

Mandhari ya jumba hayakuchaguliwa kwa ajili ya pambo. Yana kazi katika msuko. Kwanza, jumba huweka mpaka: washukiwa ni wale waliolala humo au waliokuja kula chajio usiku huo, basi. Pili, maisha ya humo yanafuata saa. Kengele ya chakula hulia, chai huletwa, barua huingizwa kwenye sinia, milango hufungwa usiku. Kwa hiyo kila dakika ina shahidi wake. Tatu, jumba ni jamii ndogo yenye matabaka: mwenye mali, jamaa wanaomtegemea, katibu wake, msimamizi wa nyumba, mtumishi mkuu na watumishi wa kike. Kila mmoja anajua kitu kuhusu mwenzake, na kila mmoja ana sababu ya kutokisema. Mshairi W. H. Auden, katika insha yake ya mwaka wa 1948 kuhusu utanzu huu, alieleza kuwa mauaji huja kuivunja jamii iliyojiona haina hatia, na kazi ya mpelelezi ni kuirudisha katika hali hiyo kwa kumtenga mkosaji.

Utanzu huu pia ulikuwa na sheria. Mwaka wa 1929, Ronald Knox, kasisi na mwandishi, alichapisha kanuni 10 za riwaya ya upelelezi. Mwaka wa 1930 waandishi waliunda chama chao jijini London, na wanachama waliahidi kumtendea msomaji haki: dalili zote ziwekwe mbele yake ili naye apate nafasi ya kulitatua fumbo. Kanuni ya kwanza ya Knox inasema kuwa mkosaji atajwe mapema katika kisa, lakini asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kuyafuata mawazo yake. Ile ya tisa inasema kuwa rafiki wa mpelelezi, yule wa mfano wa Watson, asimfiche msomaji lolote linalopita akilini mwake.

Tazama tarehe hizo vizuri. Kanuni ziliandikwa miaka mitatu baada ya riwaya yetu kutoka. Hapo tayari Christie alikuwa amekwisha kukanyaga mahali ambapo wenzake walikuja kuweka ua.

Muhtasari wa Kisa

Kisa kinatokea katika kijiji cha kubuni cha King's Abbot nchini Uingereza. Msimulizi ni Daktari James Sheppard, tabibu wa kijiji, anayeishi na dada yake Caroline. Caroline hatoki nyumbani sana, lakini hakuna habari ya kijiji isiyomfikia. Jirani yao mpya ni mzee mgeni mwenye masharubu makubwa, aliyestaafu na kuja kulima mamumunye. Baadaye tunatambua kuwa ndiye Hercule Poirot, mpelelezi Mbelgiji ambaye Christie alikuwa amemtambulisha katika riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles, ya mwaka wa 1920.

Kisa kinaanza na kifo cha Bi Ferrars, mjane tajiri, aliyekunywa veronali, dawa ya usingizi, kupita kiasi. Roger Ackroyd, mwenye jumba la Fernly Park, alikuwa ametarajia kumwoa. Jioni ya Ijumaa anamwalika daktari kwa chajio, kisha anamwambia siri faraghani: mwaka mmoja uliotangulia, Bi Ferrars alimuua mumewe kwa sumu, na mtu fulani aliyejua alikuwa akimtoza fedha ili asimfichue. Mjane huyo hakuweza kuvumilia zaidi. Mazungumzo yao yangali yanaendelea, barua aliyoiandika kabla ya kufa inaletwa. Ndani yake mna jina la mtesaji wake. Ackroyd anaanza kuisoma, kisha anakataa kuendelea mbele ya mgeni. Daktari anaondoka. Baadaye usiku huo Ackroyd anapatikana ndani ya chumba chake, mlango umefungwa kwa ndani, amechomwa jambia shingoni.

Washukiwa ni wengi. Ralph Paton, mwana wa kambo wa marehemu, ana madeni na ametoweka. Isitoshe, amemwoa kwa siri Ursula Bourne, mtumishi wa nyumba hiyo. Flora, binti wa ndugu wa marehemu, anadai alimwona Ackroyd akiwa hai saa 3:45 usiku, kumbe alikuwa ametoka kuiba fedha chumbani mwake. Bi Russell, msimamizi wa nyumba, ana mtoto anayemficha. Parker, mtumishi mkuu, aliwahi kumtoza fedha mwajiri wake wa zamani kwa njia hiyo hiyo ya vitisho. Poirot anawaambia waziwazi kuwa kila mmoja wao anamficha jambo. Na ndivyo ilivyo: siri moja baada ya nyingine inatolewa nje, hadi inabaki moja.

Siri hiyo ya mwisho ni ya yule ambaye hatukufikiria kumwuliza. Aliyekuwa akimtoza mjane fedha ni Daktari Sheppard. Aliyemuua Ackroyd ni Daktari Sheppard. Sauti iliyotuongoza kutoka sura ya kwanza ni sauti ya muuaji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Dakika Kumi

Swali kuu la kihakiki ni hili: je, msimulizi alisema uongo? Msomaji akirudi nyuma kwa hasira kuutafuta uongo huo, atashangaa kuona jinsi ulivyo haba katika masimulizi yenyewe. Sheppard anawadanganya wahusika wenzake, lakini anapomsimulia msomaji hupendelea njia nyingine. Huacha mambo.

Mfano mkuu unapatikana katika sura ya nne. Msimulizi anatueleza kuwa barua ililetwa saa 2:40 usiku. Anatueleza pia kuwa alipoondoka ilikuwa saa 2:50, na barua ilikuwa bado haijasomwa. Anaongeza kuwa alisita mlangoni, akatazama nyuma, akajiuliza kama kuna jambo lililosalia ambalo hakulitenda. Kila neno hapo ni la kweli. Ila kati ya saa mbili na dakika arobaini na saa mbili na dakika hamsini mna dakika 10, na ndani ya dakika hizo mtu ameuawa. Msimulizi ametupa mwanzo wa muda huo, ametupa mwisho wake, na katikati ametuachia kimya. Hata kule kusita kwake mlangoni, ambako usomaji wa kwanza hukuchukulia kama wasiwasi wa rafiki mwema, katika usomaji wa pili ni ukaguzi wa mtu anayehakikisha kazi yake imekamilika.

Mfano wa pili unahusu muda pia. Msimulizi anasema alipita lango la jumba saa ya kanisa ilipokuwa ikigonga saa 3:00. Poirot anapima mwendo na kugundua kuwa kutoka mlango wa jumba hadi langoni ni dakika tano. Daktari alitumia kumi. Dakika tano zilizozidi alizitumia kuvaa viatu vya Ralph, kuingia tena kwa dirisha ili nyayo za viatu hivyo zibaki hapo, na kuufunga mlango kwa ndani.

Mfano wa tatu ni wa kiti. Mwili ulipopatikana, Parker aligundua kuwa kiti kimoja kikubwa kilikuwa kimevutwa mbele, na baadaye kikarudishwa mahali pake. Kilivutwa ili kuificha meza isionekane na mtu aliye mlangoni. Juu ya meza palikuwa na diktafoni, mashine ya kurekodia sauti, iliyotegwa ili icheze sauti ya Ackroyd saa 3:30 na kuwafanya watu waamini kuwa yu hai. Daktari alihitaji dakika chache peke yake chumbani ili aitie mashine hiyo mkobani. Kuhusu dakika hizo anaandika tu kwamba alifanya lile dogo lililopaswa kufanywa. Msomaji hufikiri ni kazi ya kitabibu, akapita.

Hapa mwalimu wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuunganisha fasihi na sarufi. Wanafunzi huifahamu kauli ya kutendwa kama zoezi la mnyambuliko: fungua, funguliwa, sogeza, sogezwa. Mara chache huulizwa kauli hiyo inatumiwa kwa nini. Sentensi 'kiti kilisogezwa' imekamilika kisarufi, lakini mtenda ameondolewa. Vivyo hivyo 'lililopaswa kufanywa': limefanywa na nani, nalo ni lipi? Msimulizi mwenye hatia huipenda sarufi ya aina hii, kwa kuwa inamwezesha kulitaja tendo bila kujitaja mwenyewe. Mwanafunzi akijizoeza kuuliza 'na nani?' kila anapokutana na kitendo kisicho na mtenda, atakuwa amepata chombo cha uhakiki kitakachomfaa hata anaposoma taarifa za magazeti.

Poirot kama Msomaji

Kuna jambo lingine ambalo huifanya riwaya hii iwe hazina kwa darasa la uhakiki. Masimulizi tunayoyasoma ni maandishi yaliyomo ndani ya kisa chenyewe. Sheppard anaandika habari za upelelezi huo kadiri unavyoendelea, kwa nia ya kuonyesha siku moja jinsi Poirot alivyoshindwa. Karibu na mwisho, Poirot anapewa maandishi hayo ayasome. Anamsifu mwandishi kwa usahihi wake, kisha anamwambia kuwa amejiweka nyuma mno. Hajionyeshi yeye mwenyewe jinsi alivyoshiriki. Sheppard na msomaji hulichukua hilo kuwa sifa ya unyenyekevu. Kumbe ni uhakiki mkali, na karibu ni shtaka.

Kwa hivyo mpelelezi hamnasi mkosaji kwa nyayo na saa pekee. Anamnasa pia kwa kusoma matini. Anauliza maswali ambayo mhakiki yeyote huuliza: ni nani anayesema? Anasema kutoka wapi? Ni nini ambacho kingepaswa kuwemo hapa na hakimo? Tzvetan Todorov, katika insha yake ya mwaka wa 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, alieleza kuwa utanzu huu huwa na visa viwili: kisa cha uhalifu, ambacho kimekwisha kutukia lakini hakionekani, na kisa cha upelelezi, ambacho tunakiona lakini kazi yake ni kukifichua kile cha kwanza. Katika Roger Ackroyd visa hivyo viwili vimetiwa mikononi mwa mtu mmoja. Aliyekitenda cha kwanza ndiye anayetusimulia cha pili.

Kwa Nini Tulimwamini?

Tulimwamini kwa sababu kadha, na kila mojawapo inafaa kujadiliwa darasani. Kwanza, ni daktari. Msomaji wa mwaka wa 1926 alikuwa amezoea kisa cha upelelezi kinachosimuliwa na daktari mwaminifu, Watson, na Christie aliutumia mazoea huo kama chambo. Kapteni Hastings, ambaye alikuwa msimulizi na rafiki wa Poirot hapo awali, yuko Argentina. Sheppard anajaza pengo lake bila kuulizwa maswali. Pili, ana ucheshi. Anamdhihaki dada yake mbea, nasi tunacheka pamoja naye. Na ni vigumu kumshuku mtu unayecheka naye. Tatu, anajitaja kwa unyonge. Anakiri mapema kuwa alipata urithi akaupoteza katika mgodi wa dhahabu wa Australia ya Magharibi. Tunamhurumia, na huku hatutambui kuwa ametuonyesha udhaifu wake mkuu, yaani tamaa ya fedha. Nne, na hili ndilo kubwa, anatumia nafsi ya kwanza. Neno 'mimi' lina nguvu ya kumfanya msomaji ajihisi yumo ndani ya kifua cha msemaji. Tunapoambiwa 'niliona' na 'nilisikia' hatuombi ushahidi.

Wayne Booth, mhakiki wa Marekani, ndiye aliyeipa hali hii jina katika kitabu chake cha mwaka wa 1961 kuhusu balagha ya bunilizi. Alimwita msimulizi wa aina hii msimulizi asiyeaminika. Ikumbukwe kuwa kutoaminika kuna ngazi. Yupo msimulizi anayedanganya kwa makusudi kama Sheppard. Yupo asiyejua, kwa mfano mtoto anayesimulia mambo ya watu wazima. Yupo pia anayejidanganya mwenyewe kwa sababu ya mapenzi, chuki au majivuno. Mwanafunzi asifundishwe kumwita kila msimulizi mwongo. Afundishwe kupima.

Je, Christie Alivunja Ahadi?

Riwaya ilipotoka ilizua ubishi. Wapo waliolalamika kuwa mwandishi amewahadaa wasomaji. Dorothy Sayers, mwandishi mwenzake wa riwaya za upelelezi, alimtetea: kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu. Edmund Wilson, mhakiki wa Marekani, alikuja kuushambulia utanzu mzima mwaka wa 1945 katika makala ambayo kichwa chake kiliuliza nani anajali aliyemuua Roger Ackroyd. Mwaka wa 1998 Pierre Bayard, profesa wa fasihi nchini Ufaransa, aliandika kitabu kizima akidai kuwa Poirot alikosea, na akapendekeza muuaji mwingine kutokana na ushahidi uliomo katika matini. Mwaka wa 2013, chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza kiliichagua kuwa riwaya bora zaidi ya uhalifu kuwahi kuandikwa.

Maoni yangu ni kuwa mwandishi hakuvunja ahadi. Dakika 10 zimo ukurasani. Kiti kimo. Mgodi wa dhahabu umo. Aliyetuficha ni Sheppard. Christie alihakikisha kuwa tunaweza kumkamata. Hapa ndipo tofauti ya mwandishi na msimulizi inapokuwa dhahiri kuliko katika kitabu chochote cha nadharia. Msimulizi anajaribu kuficha, na mwandishi, akitumia maneno yale yale, anafichua. Mwanafunzi anayesema kuwa Christie na Sheppard ni mtu mmoja hawezi kueleza ni vipi sentensi moja inaweza kufanya kazi mbili zinazopingana.

Hata hivyo, riwaya ina udhaifu wake. Wahusika wengi wamechorwa kwa mstari mmoja, na watumishi wanaonekana zaidi kama dalili za upelelezi kuliko kama watu. Mwisho wake pia unaleta mjadala wa kimaadili. Poirot anampa daktari nafasi ya kujiua kwa veronali ili Caroline asipate aibu, na haki ya mahakama haifikiwi. Je, hapo jamii imetakaswa kama anavyodai Auden, au siri imezikwa tu chini ya siri nyingine? Hilo ni swali linalofaa kwa mdahalo wa darasa.

Uhusiano na Riwaya ya Kiswahili

Riwaya ya upelelezi si ngeni katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la mwaka wa 1957-58 lililoandaliwa na shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki la wakati huo kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka wa 1960. Aliiendeleza kwa Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo. Mpelelezi wake, Bwana Msa, mvuta kiko, na rafiki yake Najum, wana damu ya Holmes na Watson ndani yao, jambo ambalo wahakiki wamelitaja mara nyingi. Lakini wanatembea katika mashamba na mitaa ya Unguja, miongoni mwa wenye mali, jamaa na watumishi wa huko, na wanapambana na imani za mizimu kwa mantiki. Anayewafundisha wanafunzi kuhusu chimbuko la riwaya ya Kiswahili anaweza kulinganisha jumba la Fernly Park na mashamba ya Abdulla na kuuliza: ni siri gani ambazo mali na ukoo huzizaa katika jamii hizi mbili?

Aidha, funzo la Sheppard linafaa hata katika riwaya zisizo za upelelezi. Tuichukue Siku Njema ya Ken Walibora (1996), iliyosomwa sana nchini Kenya. Kongowea anatusimulia maisha yake kwa nafsi ya kwanza, kutoka Tanga hadi safari yake ya kumtafuta babake Kitale. Kongowea si mhalifu, wala hakuna sababu ya kumwita mwongo. Lakini maswali yetu yangali na kazi. Ni mambo gani anayoyajua sasa anaposimulia, ambayo hakuyajua yalipomtukia? Wahusika waliomtesa wangesimulia vipi matukio yale yale? Huruma tuliyo nayo kwake imejengwa kwa matukio pekee, au pia kwa sababu hatusikii sauti nyingine? Mwanafunzi anayeuliza hivyo haidunishi riwaya. Anaisoma kikamilifu zaidi.

Mapendekezo ya Kufundishia

Mwalimu si lazima awe na nakala 40 za riwaya ya Christie. Muhtasari kama uliotolewa hapo juu unatosha kwa kipindi kimoja. Mazoezi yafuatayo yanaweza kujaribiwa.

Kwanza, mpe mwanafunzi dondoo lolote la nafsi ya kwanza kutoka katika kitabu anachosoma. Achore safu mbili: katika ya kwanza aandike yaliyosimuliwa kwa mfululizo wa wakati, na katika ya pili aandike muda uliorukwa. Kisha aeleze kwa nini, kwa maoni yake, muda huo umerukwa. Mara nyingi jibu litakuwa kwamba haukuwa na umuhimu. Mara nyingine hatapata jibu rahisi, na hapo uhakiki huanza.

Pili, darasa liandike upya tukio moja kwa sauti ya mhusika mwingine. Tukio la barua lingesimuliwaje na Parker, aliyekutana na daktari nje ya mlango wa chumba? Zoezi hili huwafunza mtazamo bila ya kulazimika kukariri fasili ya mtazamo.

Tatu, wanafunzi watafute vitenzi vya kauli ya kutendwa na kutendeka katika ukurasa mmoja, na waeleze ni wapi mtenda ameachwa kwa sababu hajulikani, ni wapi kwa sababu hana umuhimu, na ni wapi kwa sababu kuna anayenufaika asipotajwa.

Nne, katika kujibu maswali, wazoeshwe kuandika 'msimulizi anadai', 'msimulizi anatueleza' au 'msimulizi ananyamazia', badala ya 'mwandishi anasema' kila mahali. Badiliko hili dogo la maneno huleta badiliko kubwa la fikra, na humwonyesha mtahini kuwa mtahiniwa anafahamu ni sauti ya nani anayoichambua.

Hitimisho

Tumeona kuwa The Murder of Roger Ackroyd ni zaidi ya fumbo la kupitishia wakati. Ndani ya jumba la Fernly Park, Christie aliweka washukiwa wote tuliowatarajia, kisha akamweka mmoja tusiyemtarajia mahali ambapo macho yetu hayafiki, yaani nyuma ya kalamu. Dhana za msimulizi, mtazamo, muda wa usimulizi na mapengo ya matini zote zinajitokeza humo kwa namna ambayo mwanafunzi hawezi kuisahau.

Riwaya-pendwa zimekaa muda mrefu nje ya mlango wa darasa letu, zikidhaniwa kuwa hazina la kufunza. Mwanafunzi anayezisoma chini ya dawati tayari anajua jambo moja ambalo tunahangaika kumfundisha: kwamba katika masimulizi kuna mtu anayeficha na kuna dalili za kumfichua. Kazi iliyobaki ni kumwomba aje na tabia hiyo ya kushuku juu ya dawati, aielekeze kwenye kitabu teule, na aanze kwa kumhoji yule anayemwambia 'mimi'.